Maji yamekata njia ya kurudi Malindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mafuriko, gari na nyumba

Kila masika na kila vuli simu yangu hujaa maswali yale yale. Shemeji amekwama Marereni na gari limezima majini. Jirani amerudi nyumbani akakuta godoro linaelea. Mimi si mhandisi. Nimeendesha gari kati ya Malindi na Garsen, hapa pwani ya Kenya, kwa miaka mingi nikipeleka bidhaa za duka, na gari moja nimelipoteza kwa maji, kwa kosa ambalo siku moja ya kungoja ingeliepusha. Maswali ninayoulizwa zaidi nimeyakusanya hapa. Katika mafuriko kuna mambo ya kukimbilia na kuna mambo ya kungojea, na hasara nyingi nilizoziona zimetokea pale mtu alipongojea la kukimbilia na kukimbilia la kungojea.

Malindi haijanyesha wiki nzima. Mbona Sabaki umefurika?

Kwa sababu maji ya Sabaki hayatoki Malindi. Mto Athi unaanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, unateremka Ukambani, unakutana na Mto Tsavo ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki. Hapo unaitwa Galana, na ukikaribia pwani ndio huu tunaouita Sabaki. Mvua ikipiga Nairobi na Machakos, maji yake sisi tunayapata siku kadhaa baadaye, pengine kwetu jua linawaka. Mto Tana nao ni vivyo hivyo: unatoka Mlima Kenya na safu za Aberdare, ukaja kufurika Garsen kwa mvua ambayo mtu wa Garsen hakuona hata tone lake. Kwa hiyo mwenye safari ya Garsen asisikilize utabiri wa Malindi peke yake. Asikilize wa Nairobi, wa Machakos na wa Murang'a.

Iko ishara ambayo mtu wa hapa anaiona bila redio. Bahari ikigeuka rangi ya udongo kuanzia mdomo wa Sabaki mpaka chini ya nguzo ya Vasco da Gama, ujue bara kumenyesha. Na mwezi nao utazame. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, yaani bahari hujaa kupita kawaida, na maji ya mto yakikutana na bamvua mdomoni hukosa pa kwenda, yakarudi nyuma na kukaa mashambani. Yakiwa maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, mto hutoka upesi zaidi. Wavuvi wanayajua haya, na mimi huwauliza wao kabla ya kumuuliza dereva mwenzangu.

Ni sehemu zipi za barabara za kuogopa?

Ukishavuka daraja la Sabaki kuelekea kaskazini unapita Mambrui, Gongoni na Marereni. Nchi ya huko ni tambarare, haiko juu sana ya usawa wa bahari, ndiyo maana kuna mabwawa ya kuanika chumvi. Maji yakiingia hayana haraka ya kutoka. Mbele zaidi unaingia bonde la Tana, na kutoka Garsen kwenda Witu na Lamu hali ni ngumu zaidi: mwishoni mwa 2023 barabara hiyo ilikatika maeneo ya Gamba, na watu wakavushwa kwa mashua. Njia ya Kakuyuni na Lango Baya kuelekea lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki inafuatana na Sabaki, na vijito vinavyoikata huja ghafla. Njia ya Mombasa kupitia Gede na Kilifi ina afadhali. Tatizo lake kubwa ni maji yanayotuama.

Maji yamevuka barabara mbele yangu. Nitajuaje kama napita?

Kama maji yanatembea, usipite. Hili silijadili na mtu. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15, yaani juu kidogo ya kifundo cha mguu, yanatosha kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuliinua gari dogo. Sentimita 60 huchukua hata pikapu. Gari lina hewa ndani, kwa hiyo huelea kabla ya kuzama, na likishaelea usukani haukusaidii kitu. Wala usijitie moyo kwa ukubwa wa chombo. Aprili 2024 basi lenye abiria 51 lilisombwa eneo la Tula, kaunti ya Tana River, kwenye barabara ya Garissa. Abiria walipanda juu ya paa, na Mwenyezi Mungu akajalia wote wakaokolewa.

Kama maji yametuama, swali lako liwe moja: yanapanda au yanashuka? Novemba 2023 nilifika mbele ya Marereni, magharibi ikiingia, nikakuta maji yametanda barabarani kama upana wa uwanja wa mpira. Nilikuwa na hamu ya kufika nyumbani, nikabaki nimewasha injini. Mzee mmoja wa Kigiriama aliyekuwa amekaa na baiskeli yake akanyanyuka, akavunja kijiti, akakichomeka ukingoni pale maji yanapoishia. "Mwanangu," akaniambia, "zima gari. Kijiti hiki kikizama, lala hapa hapa. Kikibaki pakavu, tutaongea."

Nilipokwenda kukitazama baada ya saa moja, kilikuwa kimezama nusu. Nikalala garini. Alfajiri maji yalikuwa yamerudi nyuma shubiri tatu kutoka kwenye kijiti, na jua lilipotoka tukaona kitu ambacho usiku kisingeonekana kabisa: upande wa kushoto, palipokuwa na kalvati, bomba la kupitisha maji chini ya barabara, lami ilikuwa imemegeka kipande cha ukubwa wa kitanda. Maji yalipita juu yake yakiwa shwari, rangi moja na kwingine kote. Mimi ningepita upande ule ule. Tangu siku hiyo sivuki maji usiku, hata yawe ya kifundo, na kijiti nakichomeka kila mara.

Ukiamua kuvuka mchana, maji yametuama na barabara unaijua, tembea kwanza kwa miguu ukiwa na fimbo, isipokuwa karibu na Sabaki au Tana, ambako mamba na viboko huyafuata mafuriko mpaka mashambani. Huko usiingie majini kwa miguu, geuza gari. Kina kisipite nusu ya tairi. Ingia kwa gia ya kwanza, mwendo wa polepole usiobadilika, na usikanyage klachi katikati. Ngoja lori la mbele litoke kabisa, kwa sababu wimbi lake ndilo linaloingia kwenye boneti yako. Ukishatoka, kanyaga breki kidogo kidogo mara kadhaa mpaka zikauke na kushika.

Gari limezima katikati ya maji. Nijaribu kuliwasha?

Hapana. Hata mara moja. Injini huvuta hewa, na katika magari mengi madogo mdomo wa kuvutia hewa uko chini, nyuma ya taa au bampa. Ukifunikwa, injini hunywa maji. Pistoni imezoea kubana hewa, nayo hewa hubanika, maji hayabaniki. Pistoni ikipanda na kukuta maji, kinachokunjika ni kondrodi, ule mkono unaoishikilia. Gari lililozima kwa waya kulowa linaweza kupona kwa gharama ndogo. Ukilazimisha stata, umeligeuza kuwa gari la kununuliwa injini nyingine.

Zima swichi, toa watu, mpande mahali pa juu. Piga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Gari waachie wenye kamba na trekta.

Maji yanapanda na mlango haufunguki. Nitatokaje?

Usipigane na mlango. Maji ya nje yanausukuma kuliko nguvu zako. Fungua mkanda, teremsha dirisha mara moja kabla umeme wa gari haujakata, watoto watangulie, kisha nyote mpande juu ya paa. Kama dirisha halishuki, piga kioo cha pembeni kwenye kona yake kwa kitu kigumu chenye ncha. Kioo cha mbele kimetengenezwa kwa tabaka mbili zilizogandishwa, kitakuchelewesha. Ndiyo sababu kabla ya kugusa maji ya aina yoyote mimi huteremsha madirisha yote na kuwafungulia abiria mikanda. Watalowa kidogo. Ni sawa.

Gari limeshatolewa. Naliwasha lini?

Hapa ndipo nilipoumia. Masika ya 2018 gari langu lilizimika kwenye maji ya kufika viti, likavutwa, likaanikwa siku mbili. Nilipolipeleka gereji, fundi akalitazama kwa nje akasema limekauka, niwashe tu. Nikawasha. Kilisikika kishindo kimoja kizito kama nyundo ndani ya pipa, kisha kimya. Baadaye fundi mwingine alichomoa kijiti cha kupimia oili akanionyesha bila kusema neno: oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, nzito, imefanya povu. Kijiti kile kilikuwepo siku zote mbili. Hakuna aliyekichomoa.

Kwa hiyo la kwanza ni kutenganisha betri, ukianza na waya wa hasi. Kisha chomoa kijiti cha oili. Ukiona rangi ya maziwa, au oili imepanda kupita alama, maji yameingia. Oili yote imwagwe na filta ibadilishwe kabla ya jambo lingine. Fungua ea klina, chujio la hewa ya injini. Kama karatasi yake imelowa, fundi atoe plagi zote, injini ichezeshwe polepole kwa mkono ili maji yatoke kwenye matundu ya plagi, ndipo ipigwe stata. Kwa dizeli kazi ni ngumu zaidi na ubanaji ni mkubwa zaidi, basi subira nayo iongezeke.

Watu wengi husahau gia boksi na difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu. Vyuma hivi vikiwa moto vikatumbukia kwenye maji baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili na tundu la kupumulia. Gari litatembea vizuri mwezi mzima, kisha beringi zianze kulia. Oili za huko zikaguliwe zote, pamoja na mafuta ya breki.

Ambacho hakingojei ni tope. Tope la Sabaki ni laini kama unga, likikauka ndani ya altaneta, mashine inayochaji betri, au kwenye viungio vya waya chini ya viti, huligandui tena. Siku ile ile litolewe kwa maji safi ya bomba yasiyo na presha kubwa. Viti vitolewe, kapeti itolewe, na ile sponji iliyo chini ya kapeti itolewe pia. Ukiacha sponji, juu patakauka na chini patakuwa kinamasi kwa wiki nyingi, na sakafu ya gari italiwa na kutu.

Kuna tofauti kati ya maji ya mto na maji ya chumvi?

Kubwa sana. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi na huendelea kula chuma na shaba hata baada ya kukauka. Kama umekwama karibu na mabwawa ya chumvi, au pwani wakati wa bamvua, chukulia kuwa maji yale yana chumvi. Osha gari lote kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, siku hiyo hiyo, chini na juu, na viungio vya waya vifunguliwe kimoja kimoja. Gari lililozama kabisa kwenye chumvi mimi nisingelitengeneza.

Gari langu ni haibridi, la petroli na umeme.

Basi usiguse kitu chini ya boneti wala chini ya kiti cha nyuma. Waya za rangi ya machungwa zinabeba umeme wa kuua. Tafuta fundi anayezijua haibridi, na mwambie kabla hajaligusa kwamba liliingiwa na maji.

Bima italipa?

Bima ndogo, ile ya kumlinda mtu wa tatu, haikulipi gari lako. Bima kubwa mara nyingi hulipa mafuriko, lakini baadhi ya mikataba huyaweka majanga ya asili kama nyongeza ya kulipiwa, na karibu yote hukuachia sehemu ya kwanza ya gharama. Soma mkataba wako leo, kabla mvua haijaanza. Janga likikupata, piga picha gari likiwa bado majini, piga picha ya alama ya tope kwenye viti, arifu kampuni siku hiyo hiyo, na usianze matengenezo kabla mkaguzi wao hajaliona. Kuosha tope ili hasara isizidi ni haki yako. Waarifu tu kwanza na upige picha. Na jua kwamba ukiliwasha na kuvunja injini, watakuwa na sababu ya kusema hasara hiyo umeisababisha mwenyewe. Mimi niliambiwa hivyo, na sikuwa na jibu.

Nimefika nyumbani, maji yameingia ndani. Naanza wapi?

Unaanza nje. Kama swichi kuu ya stima iko mahali ambapo ni lazima ukanyage maji kuifikia, usiiguse. Ita fundi wa umeme au kampuni ya stima. Zunguka nyumba utazame kuta. Ukiingia, vaa viatu vigumu na ushike fimbo, maana nyoka naye anatafuta pakavu, na hupenda rafu, dari na chini ya magunia. Fungua madirisha yote. Friji, televisheni na pampu visichomekwe mpaka vifunguliwe na kukaushwa ndani.

Kisha toa tope likiwa bado bichi. Hii ni kazi ya kukimbilia: likikauka sakafuni linakuwa kama saruji, na ukungu huanza ndani ya saa 24 mpaka 48. Ita majirani, wagawane makoleo. Ukishamaliza, osha kwa sabuni, halafu pitisha maji yenye dawa ya klorini. Usichanganye klorini na dawa ya choo wala siki, hutoa hewa ya sumu.

Godoro na makochi yanaokoka?

Kama maji yalipita vyooni, na mafuriko ya mtaani karibu yote hupita vyooni, godoro la sponji litupe. Najua bei yake. Lakini jua hukausha juu tu, ndani uchafu unabaki, na anayelilalia mara nyingi ni mtoto. La usufi nalo fumua: foronya ichemshwe, usufi uliolowa tope utupwe. Kitanda cha mbao kioshwe kikaushwe kivulini. Milango ya nakshi vivyo hivyo, kivulini, maana mbao iliyolowa ikipigwa na jua kali hupasuka kufuata nakshi yake.

Ukuta wa mawe umetoa unga mweupe. Nipake rangi?

Usipake. Hili ndilo swali ambalo jibu lake halipendwi.

Nyumba zetu nyingi ni za mawe ya matumbawe, na jiwe la matumbawe lina vitundu. Hunywa maji kama mkate. Maji yakipanda ukutani hubeba chumvi, yakikauka chumvi hubaki juu, ndio huo unga. Ukipaka rangi ya mafuta au kupiga plasta ya saruji, umeyafungia maji mlango wa kutokea. Yatapanda juu zaidi na kutokea pasipofunikwa, au yataibandua plasta nzima ndani ya mwaka. Wazee walipiga chokaa kwa sababu chokaa hupumua: ukuta hulowa, hukauka, chokaa yenyewe ndiyo inayochakaa, na kuirudishia ni kazi nyepesi.

Basi ng'oa plasta ya saruji iliyolegea, futa unga kwa brashi kavu, si kwa maji, maana ukiosha unairudisha chumvi ndani. Acha ukuta wazi, upepo upite. Ukuta mnene huchukua miezi. Ukilowa Mei, mimi ningengoja upepo wa kusi uukaushe mpaka Septemba ndipo nimwite fundi wa chokaa. Jirani yangu alipaka rangi mwezi wa Juni kwa sababu ya harusi. Desemba alikuwa anakwangua tena.

Nyumba yangu ni ya kukandika.

Toa watu walale kwingine mpaka kuta zikauke, hata kama zimesimama wima. Ukuta wa udongo huanguka maji yakishapungua, fito zikiwa zimelegea na udongo wa chini umekuwa uji. Kata miti ya kuegemeza upande unaoinama. Kukandika upya kungojee mpaka fito zikauke, zilizooza zibadilishwe kwanza.

Kisima kimefunikwa na maji. Tunaweza kunywa?

Msinywe, hata yakionekana meupe. Choo cha shimo na kisima vikifunikwa na maji yale yale, vimekuwa kitu kimoja, na kipindupindu huanzia hapo. Chemsheni maji yachemke hasa, au tieni dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kisima chenyewe kitolewe maji yote na tope, kitiwe klorini, na afisa wa afya ya umma aombwe kuyapima. Kama yana chumvi, klorini haitaiondoa. Huenda ukahitaji kuteka na kumwaga mara nyingi. Mkiwa mnasubiri, maji ya mvua kutoka kwenye bati, baada ya kuacha mvua ya kwanza ioshe paa, ni mazuri kuliko ya kisima, nayo pia yachemsheni. Na wote walale ndani ya chandarua: baada ya mafuriko mbu huongezeka haraka.

Hati ya shamba, vyeti na msahafu vimelowa.

Usifungue kurasa kwa nguvu na usianike juani. Vioshe tope kwa maji safi vikiwa vimefungwa, vitie karatasi kavu kati ya kurasa chache chache, viache kivulini penye upepo. Kama ni vingi na huna nafasi, vitie kwenye mfuko wa nailoni uviweke kwenye friza ya jirani mwenye stima. Vikiganda havioti ukungu, na utavitoa kimoja kimoja ukipata nafasi. Bibi mmoja wa Shella ya hapa Malindi aliokoa hivyo vyeti vya kuzaliwa vya wajukuu wake wote, vikiwa chini ya samaki.

Nimepata gari la bei nafuu sana. Nitajuaje kama liliwahi kuzama?

Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho wake kabisa. Muuzaji huosha kapeti, hubadilisha vitambaa vya viti, hupulizia marashi, mkanda humsahau. Ukiona mstari wa tope karibu na unapoishia, gari hilo lilikaa majini. Tazama pia skrubu za chini ya viti kama zina kutu, na uinue kapeti ya buti unuse palipo na tairi la akiba. Muulize muuzaji waziwazi, tena mbele ya shahidi. Akisema lilizama na akakuonyesha kazi iliyofanywa na oili zilizobadilishwa, huyo unaweza kuzungumza naye bei.